Uyoga wa Miombo (Bowa)

Uyoga wa miombo, uitwao bowa katika Kiswahili cha Katanga, ni uyoga wa porini unaoliwa, ambao huota wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, kusini-mashariki mwa Kongo, Zambia na magharibi mwa Tanzania. Katika jimbo la Tanganyika, lililotengwa na Katanga mwaka 2015, eneo la Pepa liko juu ya uwanda wa Marungu wenye majani na ng'ombe, hivyo huko uyoga huu ni wa miteremko ya chini, penye miombo.

Majina

Waluba husema bowa na Wabemba ubowa, lakini chini ya jina hilo kuu kila aina hutajwa kwa jina lake. Chitondo ni uyoga wa manjano wa jenasi Cantharellus, na kabansa ni ule unaotoa utomvu mweupe ukivunjwa, ambao wataalamu Pegler na Piearce, walipoeleza uyoga wa Zambia mwaka 1980, waliupa jina la kitaalamu Lactarius kabansus, yaani sayansi ilikopa jina hilo kwa wachumaji. Tente (Amanita loosii) ni mtamu sana, ila jenasi yake ina jamaa wenye sumu ya kuua. Kwa sababu hiyo, kulijua jina pamoja na alama zake ni kinga ya maisha, na elimu hii adhimu hushikwa hasa na wanawake.

Uyoga wa vichuguu

Pia kuna uyoga wa jenasi Termitomyces, iliyopewa jina na mtaalamu wa uyoga Roger Heim mwaka 1942, ambao hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu. Kofia ya Termitomyces titanicus huweza kukaribia upana wa mita 1.

Mapishi

Uyoga huoshwa mara kadhaa kuondoa mchanga, huchemshwa, kisha huungwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta ya mawese au karanga zilizotwangwa, na kuliwa kwa bukari (ugali). Unaobaki huanikwa juani kwa ajili ya kiangazi.

Hali ya sasa

Mwaka 2017 watafiti De Kesel, Kasongo na Degreef walichapisha kitabu kuhusu uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga. Lakini chitondo, kabansa na tente huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hai, kwa hiyo miombo inapokatwa kuchomwa makaa, uyoga wake hutoweka pamoja nayo.