Kanga wa Gonja na Mpaka wa Mwaka 1951

Mwanafunzi wangu mmoja, anayekusudia kuomba leseni ya kuwinda ndege, aliniuliza hivi karibuni: "Mwalimu, mtu anayeanza atajuaje mahali penye kanga na kwale?" Nilimjibu kwamba swali lake ni la historia kabla ya kuwa la bunduki. Ndugu msomaji, naomba nilifafanue jibu hilo kwa mfano wa Gonja, wilayani Same.

Gonja imekaa chini ya mteremko wa mashariki wa milima ya Pare Kusini. Juu kuna misitu na mvua. Chini kuna nyika kame inayoelekea Kenya. Katikati, Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji, na mifereji ya kuyafikisha mashambani. Katika karne ya 19, misafara ya biashara kati ya Pangani na Kilimanjaro ilipita katika ukanda huu na kununua chakula kilichotokana na kilimo hicho.

Ndege nao waliifuata kazi hiyo ya binadamu. Kanga huhitaji vitu vinne kwa karibu: punje na wadudu wa kula, vichaka vya kujificha, maji, na miti ya kulala usiku. Kwale naye hupenda kingo za mashamba, na sauti yake husikika alfajiri na jioni. Kwa hiyo makazi bora hayako katikati ya shamba wala katikati ya pori, bali pale vinapokutana: shamba lililovunwa likabaki na mabua, konde lililoachwa lipumzike, kichaka kilicho kando ya mfereji. Wavulana waliotumwa kuamia ndege mashambani waliyajua haya bila kitabu, na tanzi zao walizitega hapo hapo.

Maarifa hayo yakakutana na sheria. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji katika koloni la Wajerumani. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Waafrika wenyewe hawakuwa na mjumbe. Waingereza wakaleta sheria yao mwaka 1921. Kisha mwaka 1951 likatangazwa Pori la Akiba la Mkomazi, na mpaka ukakatiza nyika iliyo mbele ya Gonja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliondolewa humo, na baadaye pori likapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa, ambamo uwindaji hauruhusiwi.

Sipingi uhifadhi. Vifaru na mbwa mwitu walitoweka Mkomazi, wakarejeshwa kwa jitihada kubwa. Hilo ni jambo la kujivunia. Hoja yangu ni nyingine. Sheria inatambua leseni na silaha, lakini haijui aliyeyatengeneza makazi ya ndege. Mgeni mwenye leseni akifika kijijini leo, huuliza wenyeji kanga wako wapi. Mwenyeji anayeonyesha njia ndiye huyo huyo ambaye, akitega tanzi bila kibali, huitwa jangili.

Matokeo yake ni kwamba tumeyafungia maarifa nje ya mpaka. Ndiva ikijaa tope, vichaka vya kingoni vikichomwa na makonde yakikosa mapumziko, kanga hupungua hata kama hakuna aliyefyatua risasi. Hasara hiyo hutokea vijijini, mahali ambapo macho ya uhifadhi hayafiki mara kwa mara.

Kwa mwanafunzi wangu, basi, ushauri ni huu. Pata leseni kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ujue mpaka wa hifadhi uko wapi. Kisha keti na wazee, uwaulize maji yalipita wapi na mashamba gani yalipumzishwa. Kwa mtumishi wa umma ninayesoma naye ukurasa huu, ombi langu ni kwamba ukarabati wa ndiva uhesabiwe kuwa uhifadhi wa wanyamapori, na mkulima wa Gonja aitwe mezani kama mhifadhi. Mpaka wa mwaka 1951 ulichorwa bila kumuuliza. Hatuna sababu ya kuendelea na ukimya huo.