Historia ya Ua Jeupe Liitwalo Shasta

Wasikilizaji, leo nataka kuwaeleza habari za ua moja. Huenda mtu akasema moyoni mwake, "Ua si chakula, yafaa nini kukaa kitako na kusikiliza habari zake?" Swali hilo si la kudharauliwa. Walakini ua hili lina historia, na ndani ya historia yake mna mafundisho mawili: la kwanza lamfaa kila mkulima, na la pili lamfaa kila ajuaye kusoma na kuandika.

Ua lenyewe huitwa deizi la Shasta. Wakaao katika nchi za juu za Kenya, au upande wa Iringa na Mbeya, hawatapata taabu kulifahamu, maana wanalijua pareto, lile ua likaushwalo na kusagwa ili kupata dawa ya kuulia wadudu. Pareto na Shasta ni jamaa. Yote mawili yana moyo wa manjano uliozungukwa na petali nyeupe, ila la Shasta ni kubwa zaidi, na upana wake waweza kufika inchi 4. Tena mkilitazama kwa makini mtaona ajabu: kile tukiitacho ua moja ni mkutano wa maua mengi. Kila petali nyeupe ni sehemu ya ua dogo lake yenyewe, na ule moyo wa manjano ni mamia ya maua madogo yaliyosongamana.

Ua hili halikuokotwa porini kama lilivyo. Lilifanywa na mtu, na kazi yake ilichukua miaka 17.

Mtu huyo ni Luther Burbank, aliyezaliwa mwaka 1849 katika mji wa Lancaster, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alipokuwa kijana alisoma kitabu cha Charles Darwin kielezacho jinsi mimea na wanyama wanavyobadilika wakiwa chini ya mikono ya wanadamu, na kitabu kile kikamwelekeza katika kazi ya maisha yake. Akanunua shamba dogo, akaanza kulima mboga. Siku moja akaona katika shamba lake la viazi ulaya mmea mmoja uliozaa kitunda chenye mbegu. Kama mjuavyo, watu hupanda viazi kwa viazi vyenyewe, si kwa mbegu, na aina ile ilikuwa nadra sana kuzaa kitunda. Wengine wangalipita tu. Burbank alikichukua, akapata ndani yake mbegu 23, akazipanda zote, na katika mashina yaliyotoka moja likazaa viazi vikubwa na vizuri kuliko vyote. Akaiuza aina ile kwa mfanyabiashara wa mbegu kwa dola 150, akaruhusiwa kubaki na viazi 10. Mwaka 1875 akavichukua viazi vyake, akahamia Santa Rosa katika jimbo la California. Viazi aina ya Russet Burbank, ambavyo hata leo hulimwa kwa wingi sana Marekani, asili yake ni kiazi kile.

Sasa tuingie katika habari za ua. Katika mashamba ya Massachusetts kulikuwa na deizi la mwitu lililoletwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Wakulima hawakulipenda hata kidogo. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu na kuvamia malisho, na ng'ombe akiula maziwa yake hupata ladha mbaya. Kwao lilikuwa magugu, na dawa ya magugu ni jembe. Lakini Burbank alilipenda tangu utoto, akaona kwamba hata magugu yana sifa zake: hayafi kwa urahisi, wala hayachoki kutoa maua. Kasoro ilikuwa udogo wa ua lenyewe.

Mnamo mwaka 1884 akaanza kazi. Kwanza alipanda mbegu za lile deizi la mwitu, akachagua miche yenye maua mazuri zaidi. Halafu akatafuta jamaa zake wa mbali. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alilichanganya na deizi kubwa la milima ya Pyrenees, iliyo kati ya Ufaransa na Hispania, kisha na deizi la Ureno. Watoto wa ndoa hizo walikuwa wakubwa na wenye nguvu, ila weupe wao haukumridhisha. Kwa hiyo akaagiza deizi la Japani, ambalo ua lake ni dogo lakini weupe wake hung'aa, akalichanganya na wale aliokuwa nao.

Kuchanganya maua si uchawi, ijapokuwa magazeti ya siku zile yalimsifu Burbank kana kwamba ni mchawi. Ua hupata mbegu pale chavua, yaani ule unga wake wa manjano, inapofika mahali pake katika ua. Nyuki huifanya kazi hiyo kila siku. Mtu naye aweza kuchukua chavua ya ua moja akaitia katika ua jingine, kisha akangoja mbegu ziive. Jambo gumu ni lile lifuatalo. Mbegu zile zikipandwa, watoto hawafanani: mmoja hufuata upande wa baba, mwingine upande wa mama, wa tatu hufuata kasoro za wote wawili. Basi Burbank alipanda miche kwa maelfu, akapita mstari kwa mstari akitazama, akachagua michache mno, na iliyobaki aking'oa na kuichoma moto. Mwaka uliofuata alianza tena. Hivyo alifanya mpaka mwaka 1901, alipolitoa ua lake kwa watu.

Akaliita Shasta, kwa jina la mlima ulioko kaskazini mwa California. Mlima huo una urefu wa mita 4,322. Ni mfupi kuliko mlima Meru wa kwetu, lakini kwa kuwa uko mbali sana na ikweta kilele chake hakikosi theluji mwaka mzima. Weupe wa theluji ile ndio aliokuwa akiutafuta miaka yote. Aina moja ya ua hilo, iitwayo Alaska, mbegu zake zinauzwa hata leo.

Hili basi ndilo fundisho la kwanza. Kazi kubwa ya Burbank haikuwa kuchanganya, bali kuchagua. Na kuchagua hakuhitaji fedha. Mkulima anayekula mahindi yake makubwa na kubakiza yale madogo kuwa mbegu naye anachagua, ila anachagua kurudi nyuma. Anayetembea shambani kabla ya mavuno na kutia alama mashina bora, ili mbegu zitoke huko, anakwenda mbele mwaka hata mwaka. Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba.

Fundisho la pili latoka katika kosa la mtu huyu mwenye sifa nyingi. Burbank alikuwa na jicho kali na kumbukumbu nzuri, lakini hakuwa na bidii ya kuandika. Alijua moyoni mwake mmea upi umetoka kwa upi, akaona yatosha. Mwaka 1905 chama cha elimu kiitwacho Carnegie Institution kilianza kumpa dola 10,000 kila mwaka, nacho kikamtuma mtaalamu, George Shull, akae naye na kuziandika kazi zake zote ili wengine wajifunze. Shull alihangaika, maana maandiko ya kufuata yalikuwa haba. Baada ya miaka michache fedha zilikomeshwa, na kitabu kilichotarajiwa hakikutoka. Burbank akafa mwaka 1926. Mimea yake ilibaki, lakini mengi aliyoyajua juu yake alizikwa nayo. Hata asili ya ua la Shasta vitabu havipatani: vingine vyataja mababu wanne, kama Burbank alivyosimulia, na vingine vyataja wawili tu, la Pyrenees na la Ureno.

Mlinganisheni na mtu mwingine. Gregor Mendel alikuwa mtawa katika mji wa Brno, ambao leo umo nchini Cheki, tena alikuwa mwalimu wa shule. Tangu mwaka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa, akizichanganya kama Burbank alivyochanganya maua. Lakini yeye alihesabu. Aliandika ni ngapi zilikuwa laini na ngapi zenye makunyanzi, ngapi za manjano na ngapi za kijani. Mwaka 1866 hesabu zake zilipigwa chapa, na karibu hakuna aliyezijali. Mendel akafa mwezi wa Januari 1884, mwaka ule ule Burbank alipoanza kazi ya deizi, naye hakupata kuonja sifa. Lakini karatasi haikufa. Mwaka 1900 wataalamu watatu wa nchi mbalimbali wakalisoma andiko lake, na tangu hapo limekuwa msingi wa elimu ya urithi wa viumbe ulimwenguni pote. Burbank alisifiwa angali hai; Mendel amekuwa mwalimu wa watu ambao hakuwaona kamwe. Tofauti yao kubwa ni daftari. Ndiyo maana twaambiwa: mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayetaka kupanda Shasta nyumbani asisite, hasa akikaa katika nchi yenye baridi kidogo. Joto la pwani haliufai sana mmea huu. Achague mahali penye jua, pasipotuama maji, maana mizizi yake huoza upesi katika tope. Atie samadi iliyooza vizuri, apande miche kwa nafasi ya futi moja na nusu hivi, na maua yanyaukayo ayakate ili mengine yatokee. Kila baada ya miaka miwili au mitatu aling'oe fungu, aligawe, na kupanda upya vipande vya pembeni vyenye nguvu, kwa sababu katikati huchakaa na kufa. Akitaka maua yafanane na yale aliyo nayo, agawe mizizi. Akitegemea mbegu za maua yake mwenyewe, watoto watamletea tena sura za mababu mbalimbali.

Nanyi wanafunzi, mkipanda deizi au njegere au mahindi katika bustani ya shule, chomekeni kijiti penye kila mstari na kutia namba. Kisha katika daftari andikeni namba ile, tarehe ya kupanda, mbegu ilikotoka, na yaliyotokea, mazuri na mabaya. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu jioni. Ninyi mtahama shule, na bustani itapata wenyeji wengine. Lakini atakayekuja baada yenu atafungua daftari lile, naye ataanzia pale mlipofika.