Mistari Mitupu

Anayekaa Upanga huyajua majengo ya Muhimbili hata kama hajawahi kulazwa. Sewahaji, Kibasila, Mwaisela: majina haya yamo katika mazungumzo ya kila siku, maana ndiyo wanayouliza wageni wanaoshuka kwenye daladala wamebeba chupa za chai na mafurushi ya nguo. Hospitali hii ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na tangu hapo anayefia ndani ya kuta zake huandikwa jina, umri na ugonjwa uliomwua.

Lakini Watanzania walio wengi hawakufia Muhimbili, wala katika hospitali nyingine yoyote. Walifia nyumbani, wakasomewa dua au wakaombewa, wakazikwa. Nchi haikujua wamekufa kwa maradhi gani. Ikawa wanaopanga bajeti ya afya wanawatazama wale wachache waliofika wodini, kisha wanakisia habari za wengine wote.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima. Ulifanya kazi katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini, hadi mwaka 2004. Njia yake ilikuwa ya kistaarabu kabisa. Matanga yakishaanuliwa na siku kupita, mdadisi alipiga hodi, akatoa pole, akaomba kuzungumza na yule aliyemuuguza marehemu. Baadaye madaktari waliyasoma majibu na kuamua sababu ya kifo.

Dodoso la uchunguzi wa namna hii huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali ya ndiyo na hapana. Alikuwa na homa? Alikohoa? Kwa siku ngapi? Ya pili ni mistari mitupu, ambapo mfiwa huombwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi ugonjwa ulivyoanza, walikokwenda kutafuta matibabu, na ilivyokuwa mpaka mwisho. Hapo mdadisi hana la kuuliza sana. Kazi yake ni kusikiliza na kuandika.

Maswali ya ndiyo na hapana nayaheshimu. Bila hayo hakuna hesabu, na hesabu za mradi ule zilikuwa nzito. Zilipochapishwa mwaka 1996, zilionyesha kwamba, kwa kiwango cha vifo cha wakati ule, karibu nusu ya wanaume wa mitaa ile ya Dar es Salaam waliokwisha kutimiza miaka 15 wangekufa kabla ya kufika 60. Utafiti mwingine uliotokana na mradi huohuo, uliotoka mwaka 2000, ulionyesha kwamba kiharusi kilikuwa kikiwaua watu wetu wenye umri wa kufanya kazi kwa kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha Uingereza. Kabla ya hapo wengi waliamini kiharusi ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mfiwa hawezi kuyajibu kwa ndiyo au hapana. Chukua UKIMWI wa miaka ile ya tisini. Nimeketi chini ya maturubai mengi ya misiba mjini hapa, na sikumbuki hata mara moja neno lenyewe likitajwa na wenye msiba. Ilisemwa ni kifua, ni malaria iliyopanda kichwani, ni mkono wa mtu. Ukimwuliza mama kama mwanawe alikuwa na UKIMWI, atasema hapana, na huwezi kumlaumu. Lakini mwache asimulie. Atakwambia kijana alianza kukonda, nguo zikampwaya, akawa anaharisha mwezi baada ya mwezi, vidonda vikamtoka mdomoni hata uji ukamshinda. Daktari anayesoma hahitaji kuambiwa zaidi. Mama hakuitoa siri ya mwanawe, wala hakusema uongo. Ameuhifadhi msiba wake na ukweli umeandikwa.

Mfano ulio mkubwa zaidi kwangu unatoka Rufiji. Huko vifo vilivyotokana na malaria mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilichunguzwa kwa njia hiyohiyo. Watafiti wakayarudia maelezo ya wafiwa, wakafuata hatua kwa hatua mahali mgonjwa alikopelekwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Ilikuwa imezoeleka kusemwa, ofisini na hata kwenye semina, kwamba wanavijiji wanawapoteza watoto wao kwa sababu wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji, hasa mtoto akishikwa na degedege. Ni kweli kwamba degedege liliwapeleka wengine kwa mganga. Lakini maelezo yalionyesha kwamba karibu wanane katika kila kumi ya waliokufa walikuwa wametibiwa kwa dawa za kisasa. Walinunua dukani, walikwenda zahanati, walipanda kituo cha afya. Walikufa juu ya hayo.

Hapo lawama inahama mlango. Kama wazazi walikwenda na bado mtoto akafa, basi wa kuulizwa ni sisi wengine: dawa ilikuwapo? Ilikuwa bado inafanya kazi? Alipewa kipimo kinachostahili? Njia ya kwenda hospitali ilipitika? Swali la ndiyo na hapana lililotungwa na mtu aliyekwisha kuamini kwamba kosa ni la mganga lisingeyafikia haya, kwa maana dodoso huuliza tu lile ambalo mtungaji wake amelifikiria.

Siku hizi kazi ya kusoma imeanza kupewa kompyuta. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2011, vifo 12,542 vya hospitali, ambavyo sababu zake zilikwisha kujulikana, vilitumiwa kuipima njia hii. Dar es Salaam na Pemba zilikuwamo, pamoja na sehemu za India, Ufilipino na Mexico. Maelezo ya wafiwa yalivunjwa neno moja moja, na kompyuta ikatazama neno lipi huambatana na ugonjwa upi. Pale maelezo hayo, na habari za matibabu aliyopata marehemu, zilipoongezwa, sababu za vifo zilitambuliwa vizuri zaidi kuliko kwa maswali ya alama peke yake.

Nafurahi, ila nina wasiwasi mmoja. Maneno yaliyohesabiwa yalikuwa ya Kiingereza, baada ya kutafsiriwa. Sasa, mtu wa pwani anaposema moyo unamchafuka, hazungumzii moyo, anataka kutapika. Anaposema homa, pengine mwili unawaka, na pengine anaumwa tu. Na degedege ukilitafsiri kuwa mtukutiko wa mwili, umeacha nje ile hofu iliyowafanya wazazi wachague njia ya kwenda. Msomaji wa kwanza wa maelezo haya lazima awe mtu anayeijua lugha yalimosimuliwa.

Wapo wanaopendekeza mistari mitupu ipunguzwe, kwa kuwa inachukua muda na ni vigumu kuihesabu. Mimi ningependekeza itumike zaidi. Majina yakishaondolewa, na ruhusa ya wafiwa ikiwapo, maelezo hayo yawekwe mbele ya vijana wanaosomea udaktari hapa Upanga. Wodini wanamwona mgonjwa akiwa amekwisha kufika. Katika maelezo haya watakutana na siku tisa zilizotangulia: nauli iliyokopwa, kidonge kilichogawanywa nusu, zahanati iliyokuwa imefungwa Jumapili. Mtu akikupa habari za kifo cha mwanawe bila kulipwa chochote, amekupa amana, na amana haifai kufungiwa kabatini.