Rekodi za walimu: nani aanikwe?

Kila mjadala wa shule ukipamba moto, utasikia: "Anikeni rekodi zote za nidhamu za walimu!" Hebu turudi nyuma kidogo.

TSC iliundwa 1967. Kwa miaka mingi, mwalimu aliyemdhulumu mwanafunzi mara nyingi alihamishwa tu, na shule mpya haikuambiwa kitu. Waraka wa 2010 ukawalazimu walimu wenzake waripoti. Kisha sheria ya 2012 ikaagiza majina ya waliofutwa kwenye rejista yachapishwe.

Hapo naunga mkono. Mzazi lazima ajue. Lakini tuhuma si hukumu. Anayeshukiwa akae mbali na watoto, ila asikizwe kwanza. Ukimwanika leo, kesho akiondolewa lawama, nani atafuta hizo skrinshoti?