Mashine Zilikuja na Bili: Stori ya MES

Ukiugua kidogo hapa Diani, unaingia kituo cha afya, unapewa dawa, unarudi maskani. Ukiugua sana, una njia mbili. Ama unashika matatu ya kusini, unapita Mwabungo, unapita Gazi, mpaka Msambweni kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Ama unaenda Likoni, unavuka feri, unajitosa Mombasa. Hoteli za nyota tano ziko mlangoni kwetu, lakini mgonjwa wa figo lazima asafiri.

Sasa nataka tuongee kuhusu mashine zenyewe. Nani anazimiliki, nani analipa, na ilianzaje. Najua historia ya tenda si kitu cha kupata likes, lakini nivumilieni.

Wazazi wetu wanakumbuka hospitali ya serikali ilivyokuwa bure, au karibu na bure. Halafu Desemba 1989 serikali ikaleta mpango wa kuchangia gharama. Pesa zilikuwa zimekauka, wakopeshaji wa nje wanabana, basi mgonjwa akaambiwa atoe chake. Watu walipungua hospitalini mpaka ada ya kuonwa na daktari ikasimamishwa 1990, kisha ikarudi kwa sura nyingine 1992. Tangu hapo swali ni lile lile: hospitali ya umma, lakini bili ya nani?

Tatizo la pili lilikuwa mashine. Serikali ilikuwa inanunua, au inapewa msaada, picha zinapigwa, utepe unakatwa. Baada ya muda kifaa kinaharibika, spea hakuna, fundi hakuna, kinafunikwa shuka kwenye kona. Kwa hivyo wazo la kukodi lilipokuja, halikuwa wazo la kijinga hata kidogo. Acha mwenye mashine ailete, aitengeneze, afundishe watu kuitumia, nawe ulipe kila mwaka. Ikiharibika ni shida yake. Mimi hapo nakubali kabisa.

Februari 2015 mkataba ukasainiwa Nairobi. Jina lake MES, mpango wa kukodi vifaa vya hospitali kwa miaka 7, thamani ya takriban shilingi bilioni 38. Kampuni tano: GE kwa mashine za picha kama eksirei, Philips kwa wagonjwa mahututi, Mindray ya China na Esteem ya India kwa vifaa vya upasuaji na vya kuua viini, Bellco ya Italia kwa kusafisha damu ya wenye figo mbovu. Hospitali 98: mbili kila kaunti, na nne za kitaifa.

Lakini hebu angalia tarehe. Katiba ya 2010 ilishazipa kaunti kazi ya kuendesha hospitali hizi, na magavana wakaingia ofisini 2013. Mwaka 2015 aliyesaini na kampuni ni Wizara ya Afya. Magavana wengi waligoma mwanzoni, wakisema hawajaonyeshwa mikataba yenyewe, halafu mmoja mmoja wakakubali. Ukiwa gavana, ukatae mashine ya figo, utawaambia nini wapiga kura?

Malipo yalikatwa juu kwa juu, kabla pesa hazijafika kaunti. Mwanzo ilikuwa kama milioni 95 kwa mwaka kwa kila kaunti. Mwaka wa fedha wa 2018/19 ikapanda hadi milioni 200. Piga hesabu mara 47: kutoka karibu bilioni 4.5 hadi bilioni 9.4. Na kila kaunti ilikatwa sawa, iwe mashine zinafanya kazi mchana na usiku, iwe ziko kwenye masanduku. Na kweli zilikuwepo za kwenye masanduku. Pengine jengo halikuwa tayari, pengine umeme au maji hayatoshi, pengine hakuna daktari wa kuzitumia. Huwezi kukodi mashine ya wagonjwa mahututi ukategemea muuguzi atajitokeza mwenyewe!

Seneti ikaunda kamati maalum chini ya Seneta Fatuma Dullo wa Isiolo, na ripoti yake ya 2020 haikumung'unya maneno: iliuita mpango huo biashara ya kihalifu iliyofichwa nyuma ya ununuzi usioeleweka.

Haki itendeke lakini. Kabla ya MES, hospitali za umma zenye mashine za figo zilikuwa chache sana nchini. Mtu anayesafishwa damu anahitaji mara mbili au tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Ongeza foleni ya feri juu yake, mtu mwenyewe amechoka hata kusimama hawezi. Kwa familia ya aina hiyo, mashine kusogea karibu ni uhai, na hawana muda wa kubishana kuhusu vipengele vya kandarasi. Hasira yangu ni kwamba huduma hiyo ingeweza kuja na bei iliyo wazi.

Si Kenya peke yake. Uingereza, 1983, serikali ya Margaret Thatcher iliziagiza hospitali za umma zitangaze tenda za usafi, kufua na chakula. Utafiti uliotoka 2017, uliochunguza taasisi 126 za hospitali kule England, ulikuta waliokodi kampuni za usafi walitumia pesa kidogo, lakini walikuwa na maambukizi zaidi ya MRSA, bakteria sugu asiyesikia dawa nyingi. Nafuu ya mhasibu ikawa hatari ya mgonjwa kitandani.

MES iliisha 2022. Mpango uliofuata umebadilisha mchezo: kampuni inaleta mashine, na inalipwa kwa kila mgonjwa anayehudumiwa, pesa zikitoka bima ya SHA iliyoanza Oktoba 2024. Hiyo kidogo inaleta akili, kwa sababu mashine ya kwenye sanduku haimwingizii mtu senti. Ila mfumo wa kompyuta wa SHA nao ni wa kukodi, shilingi bilioni 104.8 kwa miaka 10, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema 2025 kwamba serikali haiumiliki. Kwa hivyo mgonjwa atalala Msambweni kwenye mashine ya kampuni moja, bili yake ipite kwenye kompyuta za kampuni nyingine. SHA ikichelewa kulipa, mwenye mashine anaweza kusubiri miezi. Mwenye figo anasubiri siku tatu.