Gari Linalozima Likipata Joto: Kisa cha Ford

Wasomaji, leo naacha kompyuta kidogo, ingawa si sana. Kila mwandika programu anaijua ile hitilafu inayomtesa mteja kila siku, lakini ukikaa kuichunguza haionekani. Wenye magari ya Ford huko Marekani waliishi nayo zaidi ya miaka kumi.

Kati ya 1983 na 1995 Ford iliuza mamilioni ya magari yenye moduli iitwayo TFI. Ni kijisanduku cha elektroniki kinachounganisha na kukata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche. Katika magari mengi kilifungwa ubavuni mwa distributa, pale pale kwenye injini. Joto likizidi, cheche zinakatika na gari linazima, hata likiwa kasi barabara kuu. Ngoja nusu saa, linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Sasa mfikirie fundi. Gari linafika gereji likiwa limevutwa na limepoa, vipimo vyote sawa. Anabadilisha pampu ya petroli, mwenyewe analipa, na baada ya siku chache linazima tena. Hapa kwetu fundi akishuku petroli imegeuka mvuke hufunga kitambaa chenye maji kwenye pampu. Gari likiwaka, anasema nimepata. Lakini injini yote imepoa wakati huo huo, kwa hiyo kitambaa hakijathibitisha kitu. Pima pale pale linapozima: je, plagi zinatoa cheche? Zikitoa, fuata petroli. Zisipotoa, shuku moduli, na gerejini uipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele uone kama itakata.

Kilichonifurahisha: nyuma ya moduli hupakwa grisi ya kupitisha joto, binamu wa ile tunayopaka juu ya prosesa. Fundi akiisahau, moduli mpya nayo haidumu.

Idara ya usalama barabarani ya Marekani ilichunguza mara kadhaa, ikafunga mafaili. Mwaka 2000 jaji Michael Ballachey wa Alameda, California, akaamua kwamba Ford ilijua na kuificha serikali. Ford ilikana. Mwaka 2001 ilikubali mapatano ya kuwalipa wateja gharama za moduli zilizoharibika kabla ya maili 100,000. Wakati huo, katika baadhi ya modeli za miaka ya 1990, moduli ilikuwa imekwisha kuhamishwa kutoka kwenye distributa na kufungwa mbali na injini, juu ya bati lake la kupoozea.