Raghba ya Utafiti

Kijana mmoja, aliyekuwa akitayarisha ombi lake la kusomea shahada ya uzamivu huko London, aliniletea waraka ulioandikwa juu yake kwa herufi nene "Maslahi Yangu ya Utafiti", na chini yake sentensi moja pweke: "Maslahi yangu ni ushairi wa kale wa Kiswahili." Nikamwuliza, "Mwanangu, ushairi huo utakulipa nini?" Akacheka. "Mwalimu, neno hilo nimepewa na kamusi."

Kamusi haikumdanganya, ila ilimfungulia mlango usio wake. Kwani neno la Kiingereza alilokuwa akilifasiri, "interest", lina nyumba tatu kwetu: benkini ni riba, katika madai ya wafanyakazi ni maslahi, na moyoni mwa mtu ni hamu. Ama maslahi, shina lake la Kiarabu ndilo lililotuzalia suluhu, na maana yake ni lenye kufaa. Basi mwombaji aliandikaye neno hilo amekwisha kuwaambia wakubwa wa chuo kwamba ana jambo la kunufaika nalo, hali wao waliuliza ana jambo gani la kutaka kulijua. Wako wasemao mapendeleo, lakini hilo ni la mtu achaguaye chai ya tangawizi akaiacha ya maziwa. Eneo la utafiti nalo lina mwenyewe: katika tasnifu zetu ni kijiji au wilaya alikokusanyia data mtafiti, na atakayelitumia kwa maana nyingine atawatafutisha wasomaji ramani.

Mimi huchagua raghba. Kwa Waarabu kitenzi chake hutazamiwa kihusishi kinachokifuata: kwa "fi" ni kukitaka kitu, kwa "an" ni kukipa mgongo, na hilo ndilo linalonipendeza, maana waraka wa namna hii hautimii kwa kutaja kipendwacho tu, bali sharti uonyeshe na yale ambayo mwombaji ameyapa mgongo, na sababu yake. Uzamivu wenyewe umetokana na kuzamia, wala hapana mzamiaji awezaye kuzamia bahari nzima kwa pumzi moja. Tena msomaji wa waraka huo ni profesa atakayetwikwa mzigo wa kumsimamia mwombaji kwa miaka kadhaa, naye hutafuta swali linalopakana na kazi yake mwenyewe.

Tukakaa barazani na karatasi ile mpaka adhuhuri. Tenzi akaziacha, kwa uchungu. Akabaki na Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye tungo zake zilikusanywa na Mwalimu Sikujua baada ya mtunzi kufariki, zikahifadhiwa kwa hati za Kiarabu, hata mhariri Hichens akazipiga chapa kwa herufi za Kirumi mwaka 1940. Chini ya kichwa kipya akaandika: "Raghba yangu ni kulinganisha hati na kitabu, nipate kujua ni maneno gani ya Kimvita yaliyogeuzwa njiani, na aliyeyageuza ni nani."

Akaikunja karatasi. "Na maslahi je, Mwalimu?"

"Hayo yaandike katika fomu ya ufadhili."